Je, Wajua? Kahawa ya Mbinga Ndani ya Picha za Ubongo

Je, wajua kwamba kahawa hupunguza damu inayokwenda kwenye ubongo? Wengi tungeapa kinyume chake, kwa jinsi kichwa kinavyochangamka baada ya kikombe. Lakini mwaka 2009, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Merideth Addicott walipima: miligramu 250 za kafeini, yaani vikombe viwili vitatu, zilipunguza mtiririko wa damu kichwani kwa wastani wa asilimia 27.

Kafeini yenyewe tunaijua inakotoka. Chuma tunda jekundu la mbuni kwenye milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, uliminye kwa vidole: zinachomoka mbegu mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo, zimevaa utelezi mtamu. Mbegu hiyo mbichi hainukii kahawa hata kidogo. Harufu huzaliwa kikaangoni. Kafeini, hata hivyo, imo tangu shambani, kwani mmea huitengeneza kuwa sumu ya kujikinga na wadudu. Mbinga hulima arabika, na kafeini yake ni kama asilimia 1.2 ya uzito wa mbegu. Robusta ya Kagera, ile Wahaya wanayoichemsha, kuikausha na kumkaribishia mgeni aitafune, ina karibu mara mbili.

Kichwani kuna kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyojikusanya, ikifika kwenye vipokezi vyake seli zinatulia na usingizi unabisha hodi. Kafeini inafanana nayo kwa umbo, basi huwahi kiti na kukikalia, adenosini ikabaki imesimama. Mwaka 2012, David Elmenhorst na wenzake huko Jülich, Ujerumani, walilitazama jambo hili kwa picha za PET, wakakadiria kwamba vikombe vinne hadi vitano hukalia nusu ya vipokezi vya aina moja. Na kwa kuwa adenosini ndiyo pia hutanua mishipa ya damu, ikikosa kiti mishipa hubana. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla, mishipa inatanuka, na kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho kichwa kinaanza kumuuma. Maumivu hayo ni ya kweli, asidhaniwe anadeka.

Sasa fikiria mtafiti mwenye mashine ya MRI. Mashine hiyo haioni fikra. Inasoma damu: himoglobini yenye oksijeni na ile isiyo nayo hazifanani mbele ya sumaku, na mwaka 1990 Seiji Ogawa alionyesha kwamba hilo laweza kutumika kufuatilia kazi ya ubongo. Kahawa ikishabana mishipa, kipimo kinayumba, ndiyo maana watafiti wengi huwauliza watu wao kama wamekunywa kahawa kabla ya kuwalaza kwenye mashine.

Nalikazia hili kwa sababu ya habari za silosibini, kemikali ya uyoga unaoleta maruweruwe (si ule tunaouokota miombo msimu wa mvua tukala na ugali). Watu hudhani ubongo wa aliyekunywa dawa hiyo huwaka kila kona. Mwaka 2012, Robin Carhart-Harris na wenzake wa Uingereza waliwapima watu 30, wakakuta damu imepungua katika vituo vikuu vya ubongo, na hapakuwa na mahali ilipoongezeka. Mwaka 2024, watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwapiga picha watu saba mara nyingi mno, wakaona kwamba, baada ya dawa hiyo, sehemu za ubongo zinazotenda kwa pamoja mtu anapotulia na kujiwazia zimepoteza mwendo wao wa pamoja. Hapo ndipo mtu husema mpaka kati yake na dunia umeyeyuka.

Kahawa hupunguza damu, mtu akawa macho zaidi. Silosibini nayo imeonekana kuipunguza, mtu akapotelea njozini. Rangi kwenye picha haitoshi kumwambia yeyote kilichompata mwenye kichwa. Lazima aulizwe mwenyewe.

Kafeini huchukua kama saa tano kupungua hadi nusu mwilini. Ukinywa kikombe Mbinga saa kumi jioni, ukateremka kilomita 66 hadi Mbamba Bay, saa tatu usiku, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa ziwani, nusu yake ingali inazunguka kwenye damu yako.