MBACHAO NA MSALA: KUACHA KAZI YA KAMPUNI NA KURUDIA USHAURI WA KOMPYUTA

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ndiyo sababu jamaa na majirani hushtuka wakisikia kwamba mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa na kampuni kubwa jijini Nairobi ameandika barua ya kujiuzulu ili arudie kazi yake ya zamani ya ushauri. Mama atauliza, "Kwani umepigwa kalamu, mwanangu?" Shangazi naye atasema vijana wa siku hizi hawatosheki. Katika makala haya nitaeleza ushauri wa kompyuta ni kazi gani, kwa nini mtu huirudia, na hesabu anayopaswa kuifanya kabla hajaaga.

Kazi yenyewe

Mshauri huuza ujuzi wake kwa siku au kwa kazi maalumu, bila kuwa mwajiriwa wa mtu. Mwezi huu yuko kwenye chama cha akiba na mikopo kinachotaka kuhamisha madaftari ya wanachama hadi kwenye kompyuta. Mwezi ujao yuko hospitalini akitafuta kwa nini programu ya malipo hukwama kila mwisho wa mwezi. Akimaliza huandika ankara, hulipwa, kisha huenda zake. Kwa hakika yeye na fundi wa jua kali anayepokea oda ya mlango wa chuma ni ndugu, ila vifaa vyao tu ndivyo tofauti.

Kazi hii si mpya. Mmarekani Gerald Weinberg alifanya kazi katika kampuni ya IBM kuanzia mwaka 1956. Alitoka mwaka 1969 akawa mshauri wa kujitegemea, na mwaka 1985 akachapisha kitabu kizima kuhusu kazi hiyo, The Secrets of Consulting. Hapa kwetu, kampuni kubwa zimekuja karibu zaidi: Microsoft ilifungua kituo chake cha kuunda programu Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mwaka 2022. Kwa hivyo mshauri wa Kenya anaweza kuitwa aajiriwe, akae miaka kadhaa, halafu siku moja atamani kurudi alikotoka.

Kwa nini atamani kurudi?

Sababu ya kwanza ni cheo. Mtu akiandika programu vizuri hupandishwa awe msimamizi. Mshahara unaongezeka, lakini siku nzima inaliwa na mikutano, na mkono uliozoea kazi unaanza kusahau. Katika fani ya kompyuta, ujuzi ukikaa bila kutumiwa huingia kutu upesi.

Sababu ya pili ni kwamba hata mbachao huweza kuvutwa ukiwa umeukalia. Mnamo Novemba 2022 kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, ilitangaza kuwaachisha kazi watu zaidi ya 11,000. Januari 2023 Google nayo ikatangaza kupunguza wapatao 12,000. Mwenye mwajiri mmoja akiachishwa, hupoteza mapato yake yote siku moja. Mwenye wateja wanne akipoteza mmoja, bado anao watatu.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme mtu analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Akigawanya kwa siku 22 za kazi anapata kama 6,800, naye anafurahi kumwambia mteja, "Nilipe elfu saba kwa siku." Kwa bei hiyo atalala njaa!

Tuhesabu pamoja. Mwaka una siku 365. Ondoa Jumamosi na Jumapili 104, zinabaki 261. Ondoa sikukuu kama 12, zinabaki 249. Ondoa likizo ya siku 21 ambayo sheria humpa kila mwajiriwa, zinabaki 228. Mwajiriwa hulipwa siku hizo zote, hata za likizo na sikukuu. Mshauri halipwi siku anayotafuta kazi, anayoandika makadirio ya bei, wala anayozunguka kudai deni. Tuseme basi siku za malipo ni 120 tu.

Mshahara wa mwaka ulikuwa 1,800,000. Ongeza kompyuta, intaneti, nauli na bima, tuseme 300,000 kwa mwaka. Jumla ni 2,100,000. Gawanya kwa 120 upate shilingi 17,500 kwa siku. Mteja asiyejua atasema huyu ni mwizi, kumbe mshauri anajaribu tu kufikia pale alipokuwa jana! Yaani pengo la miezi mikavu lililokuwa likizibwa na mwajiri sasa linazibwa na yeye mwenyewe.

Kodi na makato

Mwajiriwa hukatwa kodi kabla hajaiona pesa, na mwajiri humchangia katika hazina ya NSSF na ushuru wa nyumba. Kwa mshauri, mteja hukata asilimia 5 ya malipo na kuipeleka kwa KRA kwa jina la mshauri. Asidhani yamekwisha hapo. Hiyo ni sehemu tu ya kodi yake. Iliyobaki atailipa mwenyewe na kuwasilisha hesabu kabla ya Juni 30 mwaka unaofuata. Michango ya afya na ya uzeeni pia ni juu yake. Mshauri mwerevu hutenga fungu la kodi siku ileile anayolipwa, maana pesa iliyo mfukoni haina subira.

Programu ni mali ya nani?

Jambo hili litawafurahisha wanachama wa Kiswahili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi za fasihi, sawa na riwaya, hadithi na mashairi! Lakini sheria hiyohiyo inasema kazi iliyotungwa na mwajiriwa akiwa kazini ni mali ya mwajiri, isipokuwa wawe wamekubaliana vingine. Kwa hivyo anayeondoka asibebe programu za kampuni akawauzie wateja wake. Kazi aliyoagizwa na mteja nayo huwa ya mteja, ila mkataba ukisema vingine. Basi mshauri asome mkataba mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi.

Kuaga vizuri

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe ilani ya maandishi ya siku 28, ingawa mikataba mingi hudai zaidi. Akumbuke pia kwamba anayepunguzwa kazini hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Anayejiuzulu hana haki hiyo. Kwa sababu hiyo ni vyema awe na akiba ya miezi sita hivi, na asiondoke kwa matusi, kwani mara nyingi mwajiri wa jana ndiye mteja wa kesho.

Tamati

Je, wahenga walikosea? La. Msala waliotuonya nao ni ule wa mpita njia. Anayerudia ushauri akiwa na akiba, wateja na hesabu ya siku zake, anarudia mkeka aliousuka kwa mikono yake. Asiye na hayo na akae kwenye mbachao wake kwanza, aanze kusuka jioni.

Nasi wanafunzi tusidhani kompyuta pekee yatosha. Mshauri hula kwa Hisabati, na hula pia kwa lugha, kwani lazima awaeleze wanachama wa chama cha akiba, kwa Kiswahili chepesi, pesa zao zimehifadhiwaje ndani ya kile kisanduku.