Faili linasomeka, kufuli halipatikani: kwa nini?

Umewahi kuhamishia tovuti kwenye diski ya mtandao, kurasa zikafunguka vizuri tu, halafu mtu akijaribu kuhifadhi kitu inagoma? Ukifungua logi ya seva unakuta "No locks available", yaani hakuna kufuli linalopatikana. Diski ina nafasi, ruhusa ziko sawa. Sasa shida iko wapi?

Tuanze na kufuli lenyewe. Programu mbili zikiandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, zinaharibiana kazi. Kwa hiyo kila moja huomba kufuli kwanza, ikimaliza inaliachia, ndipo nyingine iingie. Kwenye kompyuta moja, mfumo endeshi ndio unaotunza daftari la makufuli yote.

Kwenye NFS, mfumo wa kushirikiana mafaili ulioanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, faili liko kwenye mashine nyingine, kwa hiyo daftari nalo liko huko. Hapo ndipo penye kitendawili chetu. Katika toleo la 3, kusoma na kuandika kwa kawaida hupitia mlango namba 2049, lakini makufuli yana huduma zake za pembeni, lockd na statd, zenye milango mingine. Faiwoli ikiziba milango hiyo ya makufuli, faili utalisoma, kufuli hulipati.

Ufanye nini? Kwanza, andika amri rpcinfo -p ikifuatiwa na jina la seva ya mafaili, kisha tafuta nlockmgr na status kwenye orodha. Zisipokuwepo, huduma hazijawashwa. Zikiwepo, kagua faiwoli. Amri yenyewe ikigoma, angalia kama mlango 111 umefungwa.

Pili, ukiweza, hamia NFS toleo la 4. Humo kufuli ni sehemu ya itifaki yenyewe, na mlango 2049 unatosha.

Tatu, makufuli ambayo Apache hutumia kupanga michakato yake yasikae kwenye diski ya mtandao. Agizo la Mutex linakuwezesha kuyahamishia kwenye diski ya ndani. Hayo ni ya mashine moja, hayana sababu ya kusafiri.

Halafu kuna njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia: kuongeza nolock wakati wa kuunganisha diski. Kosa litatoweka kweli. Ila sasa kila mashine inajitunzia daftari lake. Ukiwa na seva mbili za wavuti, zote zinaweza kushika kufuli la faili lile lile, kila moja ikiamini iko peke yake. Logi iko kimya, kumbe siku moja unakuta usajili wa wanafunzi kadhaa umefutwa na wenzao, au hifadhidata ya SQLite imeharibika. Waundaji wa SQLite wenyewe wanaonya kuhusu makufuli ya NFS.

Kama ni mashine moja tu inayotumia diski hiyo, nolock haina neno. Zikiwa mbili, iache, urudi kwenye faiwoli.