Unatolewa mawe ya figo? Ulizia mionzi kwanza

Wengi wakiingia thieta kutolewa mawe ya figo huogopa kisu. Mimi ningefikiria zaidi ile pedali iliyo chini ya mguu wa daktari. Akiikanyaga, mashine ya eksirei inawaka na kumwonyesha kwenye skrini jiwe liko wapi. Akiachilia, mionzi inakatika hapo hapo.

Kwa hivyo dozi yako inategemea sana mguu huo. Mashine nyingi zinaweza kupiga miale kwa vipindi badala ya mfululizo, na picha ya mwisho ikabaki kwenye skrini. Daktari anayejipanga kwa picha hiyo kabla ya kukanyaga tena anakupunguzia mionzi bila gharama yoyote. Wengine huelekeza sindano hadi kwenye figo kwa ultrasaundi, ile ile ya wajawazito. Hiyo haina mionzi kabisa.

Utasema, kwani operesheni moja ni nini? Kweli, moja si noma. Shida ni kwamba mawe hurudi, na ukianza ukiwa na miaka 23, skani bado ni nyingi mbele yako. Wahudumu nao wako humo kila siku, ndiyo maana huvaa zile aproni nzito za madini ya risasi.

Usihepe operesheni lakini. Jiwe likiziba njia ya mkojo linaweza kuharibu figo. Kabla ya kutia sahihi fomu, uliza tu: "Daktari, ultrasaundi haiwezi kutosha?" Na kama una mimba, ama unashuku, sema mapema.