Kobalti au iridiamu? Hesabu ya hospitali haiishii siku ya kununua

MKULIMA anayenunua pampu ya maji huuliza bei, lakini mwenye uzoefu huuliza pia itakula mafuta kiasi gani na vipuri vitapatikana wapi. Maswali hayo hayo yanazikabili hospitali zinazotaka kununua mashine ya kutibu saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi ya ndani.

Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mgonjwa ambaye ugonjwa wake umevuka hatua ya kufanyiwa upasuaji hupewa mionzi ya nje, kisha ya ndani, kwa kawaida mara 3 hadi 5. Katika mionzi ya ndani, mashine husukuma waya wenye chanzo cha mionzi kwenye ncha, kidogo kuliko punje ya mchele, kikapita kwenye mrija hadi jirani na uvimbe. Hukaa hapo dakika chache, kisha hurudishwa kwenye kasha lake. Bila hatua hiyo, uwezekano wa kupona hupungua sana.

Chanzo hicho huwa ama iridiamu 192 au kobalti 60. Tafiti zilizolinganisha vyanzo hivyo viwili hazijaonyesha tofauti kubwa ya matokeo kwa wagonjwa. Tofauti iko kwenye matumizi ya fedha.

Iridiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 74 hivi, hivyo hubadilishwa kila miezi 3 au 4. Kobalti huchukua miaka 5 na miezi 3 kufikia nusu. Maana yake ni kwamba katika miaka 5, hospitali yenye iridiamu itaagiza vyanzo 15 hadi 20, wakati yenye kobalti itatumia kimoja.

Kila kimoja kina bei yake, nauli ya ndege, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), taratibu za forodha na kazi ya kupima upya nguvu ya mionzi. Aidha, iridiamu haisubiri karatasi. Kama nyanya zilizokwama barabarani, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila siku. Ikikaa uwanja wa ndege siku 10, karibu asilimia 9 ya kilicholipiwa imepotea.

Hata hivyo, kobalti nayo ina gharama zake. Chanzo kimoja ni ghali zaidi kuliko kimoja cha iridiamu, na mionzi yake hupenya zaidi, hivyo chumba huhitaji kuta nene zaidi. Vilevile tiba huchukua muda mrefu. Kwa nguvu za kawaida za vyanzo vipya, tiba ya dakika 10 kwa iridiamu huchukua takriban dakika 18 kwa kobalti. Lakini iridiamu hiyo hiyo ikifikisha siku 74, dakika 10 zimekuwa 20.

Kwa hospitali yenye wagonjwa wengi, fedha za uhakika na usafirishaji usioyumba, iridiamu inaweza kufaa. Pale ambapo bajeti huchelewa na dola hupatikana kwa shida, kobalti ina nafuu kubwa.

Nafuu hiyo isiwe sababu ya kusahau matengenezo. Nchini Uganda, mashine pekee ya mionzi ya nje, iliyokuwa ikitumia kobalti, iliharibika mwaka 2016 na kuwaacha wagonjwa bila huduma hiyo nchini mwao. Anayechagua kobalti anapaswa kutenga tangu mwanzo fedha za fundi za kila mwaka, na za kurudisha chanzo kilichochoka kwa mtengenezaji.

Wataalamu hushauri tiba yote, ya nje na ya ndani, ikamilike ndani ya wiki 8, kwani ikizidi hapo saratani hupata nafasi ya kurudi. Kwa sababu hiyo, bodi ya zabuni inapofungua bahasha, isiangalie bei ya mashine peke yake. Imtake kila mzabuni aonyeshe gharama za miaka 10, zikiwamo za vyanzo vyote, na aeleze ni siku ngapi wagonjwa watasubiri iwapo mzigo utachelewa.