Fahamu Shtaka la Kuvunja Nyumba Usiku na Haki ya Mshtakiwa Kujitetea

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mavuno yanapokamilika katika uwanda wa juu wa Ufipa, kaya nyingi za Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, huhifadhi ndani ya nyumba magunia ya mahindi na maharage pamoja na fedha za mauzo. Mlango ukivunjwa usiku, akiba ya mwaka mzima huweza kutoweka. Vivyo hivyo, mtu asiyehusika akitajwa kimakosa huweza kupoteza miaka mingi gerezani. Ni muhimu basi kwa mlalamikaji na mtuhumiwa kufahamu sheria inasema nini.

Kosa hili limo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kama cha 294. Anayevunja na kuingia katika jengo linalotumika kama makazi ya watu, kwa nia ya kutenda kosa humo, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kitendo hicho kikifanyika usiku, yaani kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, adhabu yaweza kufikia miaka 20. Duka, ghala au ofisi isiyokuwa makazi inahusika na kifungu kingine.

Neno “kuvunja” lina maana pana kuliko wengi wanavyodhani. Si lazima kufuli ipasuliwe au ukuta utobolewe. Kusukuma mlango uliorudishiwa au kuinua dirisha lililofungwa kwatosha. Aliyeingia kwa vitisho au kwa hila naye huhesabiwa kuwa amevunja. Kuingia nako hukamilika pindi sehemu yoyote ya mwili, au ya kifaa anachotumia, inapokuwa ndani. Aidha, wizi ni kosa linalojitegemea, na ndiyo maana hati ya mashtaka mara nyingi huwa na makosa mawili: kuvunja na kuiba. Kila moja lazima lithibitishwe peke yake.

Jukumu la kuthibitisha ni la upande wa mashtaka, na kiwango ni kutoacha shaka yoyote ya msingi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa ametenda kosa. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kuwa hana hatia. Yatosha utetezi wake uibue shaka ya msingi.

Shaka hiyo mara nyingi huhusu utambuzi. Katika uamuzi wa mwaka 1980 unaonukuliwa hadi leo, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu na hauwezi kutegemewa hadi uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Hivyo mshtakiwa anaweza kumhoji shahidi: Alimwona mtu huyo kwa muda gani? Walikuwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mkali kiasi gani? Je, alimfahamu kabla? Shahidi anayesema alimwona mtu kwa mwanga tu, bila kueleza ni wa tochi, taa au mwezi, ameacha pengo kubwa.

Jambo la pili ni mali kukutwa kwa mshtakiwa. Ili ushahidi huo umtie hatiani kama mwizi, ni lazima mali iwe imekutwa kwake, itambuliwe bila utata kuwa ya mlalamikaji, iwe imeibwa muda mfupi uliopita, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Gunia la mahindi lisilo na alama ni vigumu kulitofautisha na lingine. Hivyo wananchi wanashauriwa kuweka alama kwenye magunia na kutunza risiti za redio, simu na paneli za sola. Aliyenunua mali kwa nia njema naye aeleze mapema alinunua wapi na kwa nani.

Utetezi wa tatu ni kwamba mshtakiwa alikuwa mahali pengine. Katika Mahakama ya Wilaya na zile za juu yake, taarifa ya utetezi huo inapaswa kutolewa kabla ya usikilizwaji kuanza, au maelezo yake yatolewe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Anayeibua hoja hiyo dakika za mwisho anaweza kuikuta haipewi uzito.

Mtuhumiwa aliye mikononi mwa Polisi ana haki ya kuelezwa kosa lake, kuonywa kabla ya kuhojiwa, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa ukiongezwa kisheria. Vitu vinavyochukuliwa katika upekuzi vitolewe hati ya kukiri kupokelewa, yenye saini za mwenye nyumba na mashahidi. Kosa hili lina dhamana, na dhamana haiuzwi.

Mshtakiwa asikiri kosa asilolielewa kwa kudhani ataachiwa mapema. Aliyekiri na kutiwa hatiani kwa kukiri kwake kwa kawaida hawezi kukata rufaa isipokuwa kuhusu adhabu. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kuomba huduma bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa kuanzia kwa msajili msaidizi wa huduma hizo katika halmashauri.

Mwananchi aliyevunjiwa asiguse eneo la tukio. Atoe taarifa Polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, na aandike mapema orodha ya vilivyopotea. Kumpiga mtuhumiwa ni kosa la jinai, na humweka mlalamikaji mwenyewe katika hatari ya kushtakiwa.