Uraibu wa Heroini na Safari ya Kupona: Wajibu wa Mchungaji katika Kila Hatua

Utangulizi

Katika sharika nyingi mtu aliyeacha dawa za kulevya husimamishwa mbele ya ibada majuma machache tu baada ya kuacha. Hushuhudia, huimbiwa, na washarika humshukuru Mungu. Akirudia kutumia, huhesabiwa kuwa mnafiki, na kwa aibu haonekani tena kanisani. Katika makala hii tunakusudia kueleza uraibu ni nini, tiba yake hupitia hatua zipi, na mchungaji ana wajibu gani katika kila hatua. Hoja yetu ni moja: kupona ni safari, wala si tukio la siku moja. Mtumishi asiyejua hatua aliyofikia mgonjwa aweza, kwa nia njema kabisa, kumsogeza karibu na kifo.

Tutazungumza hasa juu ya heroini, ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki huiita unga, na ambayo imekuwa ikiharibu nyumba za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa tangu miaka ya 1980.

1. Uraibu ni nini?

Uraibu haupimwi kwa wingi wa matumizi peke yake. Ni hali ambayo mtu huendelea kutumia ingawa anayaona madhara, na ingawa amejaribu mara nyingi kuacha. Mwili wa mwanadamu hutengeneza wenyewe kemikali za kutuliza maumivu. Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, nayo hushika vipokezi vilevile vya ubongo kwa nguvu kubwa zaidi. Kutokana na hayo hufuata mambo matatu.

Kwanza ni usugu, yaani mwili huzoea na kiasi cha jana hakitoshi leo. Pili ni mateso ya kuikosa dawa, ambayo vijana wa mitaani huyaita arosto: miayo, mafua, jasho, kuhara, kutapika, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Tatu, ubongo hujifunza. Maskani, rafiki wa zamani, hata fedha mkononi, huamsha hamu ambayo mtu hakuitafuta. Usugu hupungua upesi mtu akiacha; lakini kumbukumbu hizo hudumu kwa miaka. Tofauti hiyo ni ya kukumbukwa, maana ndiyo inayoeleza vifo vingi.

Je, basi, uraibu ni dhambi au ugonjwa? Kwa maoni yetu swali hili, likiulizwa hivyo, humnyima mgonjwa nusu ya msaada wake. Akiitwa mwenye dhambi tu, hafikishwi kwa tabibu. Akiitwa mgonjwa tu, hakuna anayemsaidia kuungama wizi alioufanya nyumbani kwao na kupatana na mama yake. Mwaka 1525 Luther aliandika juu ya utashi uliofungwa. Alisema juu ya mwanadamu mbele za Mungu, hakusema juu ya unga, wala haifai kuyahamisha mafundisho hayo yote kuja hapa. Hata hivyo, mwanateolojia aliyekwisha kujifunza kwamba utashi waweza kufungwa hapaswi kuwa wa kwanza kusema, "Akitaka ataacha."

2. Hatua za tiba

2.1 Kuuondolea mwili dawa. Arosto ya heroini huanza kwa kawaida kati ya saa 8 na 24 baada ya matumizi ya mwisho, huwa kali siku ya pili na ya tatu, na hutulia ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Hutesa sana, lakini kwa mtu mwenye afya ni nadra kuua, mradi apate maji ya kutosha. Kwa pombe na dawa za usingizi kama diazepamu sivyo. Aliyezizoea kwa muda mrefu akizikatisha ghafula aweza kupata degedege na kufa. Kwa sababu hiyo haifai kamwe kumfungia mlevi wa miaka mingi katika chumba cha maombi bila kumwona daktari kwanza.

Wengi hudhani kwamba hatua hii ndiyo tiba yenyewe. La hasha, huu ni mlango tu. Mwili umekwisha kuachana na unga, lakini yale ambayo ubongo umejifunza bado yapo.

2.2 Tiba ya methadoni. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye huduma hiyo ikaenea katika hospitali nyingine nchini. Kenya ilianza mwezi Desemba 2014. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole, kwa kuwa majuma mawili ya kwanza yana hatari yake. Ikifikia kiasi kinachofaa huzuia arosto kwa siku nzima bila kumlevya mtu, naye hupata nafasi ya kulala, kula, kufanya kazi na kumlea mtoto wake.

Watumishi wengine hupinga wakisema kwamba huko ni kubadilisha dawa moja kwa nyingine. Pingamizi hilo lina chembe ya kweli, maana methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni na mwili huizoea. Lakini anayeinywa kwa utaratibu hatafuti kete alfajiri, haibi, wala hachangii sindano, na hatari yake ya kufa hupungua sana. Wapo wanaoihitaji kwa miaka mingi. Kumwambia mtu aiache ili aonyeshe imani yake ni kosa zito. Wengi wanaoiacha ghafula hurudi kwenye unga.

Tuongeze jambo ambalo wachungaji wachache hulijua. Rifampisini, dawa inayotumika kutibu kifua kikuu, huifanya methadoni iishe upesi mwilini. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya dawa za UKIMWI, kama vile efavirenzi. Mgonjwa akianza dawa hizo aweza kurudiwa na arosto ingawa hakosi hata dozi moja. Asihesabiwe kuwa mwongo. Apelekwe kliniki ili dozi iangaliwe upya.

2.3 Nyumba za upataji nafuu. Huko Zanzibar na katika miji kadhaa ya bara zipo nyumba ambamo walioacha huishi pamoja kwa miezi kadhaa, mara nyingi wakiongozwa na waliopona kabla yao. Nyingi hufuata Hatua Kumi na Mbili, zilizotokana na chama cha walevi waliosaidiana, kilichoanza Akron, Marekani, mwaka 1935. Mtu hujifunza hapo kupanga siku yake, kusema kweli, na kuomba msaada kabla hajaanguka.

3. Hatua za badiliko ndani ya mtu

Mwaka 1983 James Prochaska na Carlo DiClemente, waliochunguza jinsi watu wanavyoacha sigara, walieleza hatua ambazo mtu hupitia. Kwa matumizi ya mchungaji twaweza kuzipanga hivi:

a) Kutotambua. Mtu haoni shida. Mahubiri makali humfukuza. Hapa wajibu wetu ni kudumisha urafiki na kuitegemeza familia yake.

b) Kutafakari. Anataka na hataki. Tumsikilize aseme mwenyewe anachopoteza.

c) Kujiandaa. Amekusudia. Sasa anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki, tena leo, maana kesho nia yaweza kupoa.

d) Kutenda. Ameacha, au ameanza methadoni. Anahitaji nauli, chakula, na mahali pa kukaa mbali na maskani.

e) Kudumu. Anahitaji kazi, marafiki wapya, na usharika usiomkumbusha kila siku jina lake la zamani.

Njia hii hainyooki. Wengi huizunguka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia.

4. Kurudia matumizi

Tuchukue mfano wa kijana aliyekaa majuma matatu katika maombi, au miezi sita gerezani, bila kutumia. Usugu wake umeshuka, hamu haijaisha. Siku moja anakutana na rafiki, anatumia kiasi kilekile alichokizoea zamani, na pumzi inakatika. Ameuawa na kiasi ambacho zamani hakikumtosha. Basi wakati ambao sisi tunauona kuwa wa ushindi ndio wenye hatari kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo mchungaji hana budi kuwaonya mapema mgonjwa na jamaa zake, bila kuogopa kwamba kutaja anguko ni kulikaribisha. Wajue dalili: mtu haamshiki, anapumua kwa shida au polepole mno, midomo inakuwa ya rangi ya samawati, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali, ambako naloksoni yaweza kumrudishia pumzi. Anayeogopa aibu ya kanisa hujificha atumiapo, na anayetumia peke yake hana wa kumwokoa.

5. Yanayofaa kufanyika sharikani

Kwanza, ushuhuda usiharakishwe. Aliyeacha majuma machache apewe mzee mmoja wa kanisa wa kumtembelea kabla ya kupewa kipaza sauti.

Pili, tuufikirie upya utaratibu wa kurudi kundini. Ukifanywa kuwa sherehe ya mara moja, anayeanguka baada yake huona kwamba mlango umefungwa. Hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 ilifundisha kwamba toba ni ya maisha yote ya mwamini, na Katekisimo Ndogo ya 1529 huuona Ubatizo kuwa kufa na kufufuka kwa kila siku. Kanisa lenye mafundisho hayo lina sababu ya kumpokea mtu kwa mara ya nne kama lilivyompokea kwa mara ya kwanza.

Tatu, diakonia ifikirie nauli. Dozi ya methadoni hairuki Jumapili. Pale ambapo utaratibu haumruhusu mgonjwa kuchukua dozi nyumbani, huenda akachelewa ibada kwa sababu ametoka kliniki; wazee wamkaribishe bila kumhoji. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku humshinda asiye na kazi, na sadaka ndogo yaweza kumdumisha katika tiba.

Nne, tusiwasahau wazazi na wake. Wamedanganywa na kuibiwa, nao wana haki ya kufariji­wa na ya kuweka mipaka. Kumpenda mgonjwa si lazima kumpa fedha mkononi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwili husafika kwa siku chache, lakini mtu hupona kwa miaka. Yule baba katika Luka 15 alimwona mwanawe alipokuwa angali mbali; bila shaka alikuwa akiitazama njia. Watumishi wenzetu, na tuitazame njia, tukijua kwamba anayerudi aweza kuondoka tena, na kwamba siku hiyo atahitaji kujua kuwa nyumba bado i wazi.