Juu ya nini Wamarekani hawaanzishi chama cha tatu?

Kila tukigusa siasa ya Marekani, kuna mmoja anauliza: nchi ya watu zaidi ya milioni 330, inakosaje chama cha tatu chenye nguvu? Sisi huku tuko na vyama mamia. Wao wanazunguka na viwili tu, Democratic na Republican.

Wengine wanajibu: eti wameridhika. Hapana. Kule kuna watu wengi, hasa vijana, wanaoitwa progresisti, ambao wanapiga kura na uchungu moyoni. Wanataka kila raia atunzwe hospitali bila kufilisika, mshahara wa chini upande, masomo ya université yasimwachie mtu deni mpaka uzeeni, na leta yao isitume silaha Israeli. Kwa Republican hawana nafasi. Kwa Democratic wanapokelewa vizuri mbele ya kura, kisha wanaambiwa wangoje kidogo. Wanangoja tangu miaka mingi.

Mimi nimesoma agronomia, si sheria. Lakini kwenye kazi yetu, mbegu nzuri ikikataa kuota mara tatu, mara nne, tunaacha kuilaumu mbegu na tunaenda kupima udongo. Hapa udongo ni kanuni ya kuhesabu kura.

Kanuni ni nyepesi. Karibu kila mahali kule, mwenye kura nyingi kuliko wengine anashinda, hata kama hajafika nusu. Duru ya pili iko kwenye majimbo machache tu. Kila eneo linatoa depite mmoja kwa bunge la taifa. Chama kikipata asilimia 15 nchi nzima, lakini hakiongozi eneo hata moja, kinatoka mikono mitupu. Mfaransa Maurice Duverger alieleza jambo hili kwenye kitabu chake cha 1951: kanuni ya namna hiyo inasukuma nchi kwenye vyama viwili. Chama kidogo hakipati viti, na wapiga kura wakiona hivyo wanakikimbia ili kura yao isipotee.

Kwa rais ni ngumu zaidi. Kuna wajumbe 538, na mshindi anahitaji 270. Majimbo 48 kati ya 50 yanampa wajumbe wote yule aliyetangulia, hata kama ametangulia kwa kura moja. Mwaka 1992 tajiri Ross Perot alisimama bila chama, akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Wajumbe? Sifuri.

Lakini kuna mwaka ambao progresisti hawasahau: 2000. Ralph Nader alisimama kwa chama cha Kijani na maneno ambayo wao waliyapenda. Jimbo la Florida peke yake alipata kura zaidi ya 97,000. Kwenye jimbo lile George W. Bush alimpita Al Gore kwa kura 537 tu, njo akawa rais, hata kama nchi nzima Gore alikuwa mbele kwa kura zaidi ya nusu milioni. Tangu siku ile, kila mtu wa kushoto akitaja chama kingine anajibiwa neno moja: Florida.

Hapo ndipo uchungu wenyewe unakaa. Kanuni hii inageuza dhamiri yako ikupige wewe mwenyewe. Ukimchagua unayemwamini, unaweza kumsaidia yule unayemwogopa kuliko wote. Na chama kikubwa kinajua huna pa kwenda, kwa hiyo hakina haraka ya kukusikiliza. Februari 2024, kwenye kura za mchujo za Democratic jimbo la Michigan, watu zaidi ya 100,000 waliweka alama kwenye nafasi ya « hatujaamua », wengi wao juu ya vita vya Gaza. Walitafuta namna ya kusema hapana bila kuvunja nyumba. Novemba, Donald Trump alichukua jimbo lile kwa tofauti ya kura 80,000 hivi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kila upande ulirudi kutupia mwingine lawama, vilevile kama 2000.

Basi wafanye nini? Njia ya kwanza ni kuingia ndani ya chama kupitia mchujo. Bernie Sanders, seneta wa Vermont asiye na chama, alifanya hivyo 2016 na 2020. Hakushinda, lakini 2016 alichukua majimbo zaidi ya 20, na mambo aliyoyasema yakaanza kusemwa na wengine. Mwaka 2018 Alexandria Ocasio-Cortez, mwenye miaka 28 tu, alimwangusha kwenye mchujo mzee wa chama aliyekaa bungeni karibu miaka 20. Mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala hapa jirani, alishinda mchujo New York, kisha akachaguliwa meya.

Njia ya pili ni kubadilisha udongo wenyewe. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Portland, jimbo la Maine, kule ambako Wakongomani ni wengi. Ananiambia karatasi yake ya kura ina nafasi ya kuandika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama hakuna aliyepita nusu, wa mwisho anatolewa, na kura zake zinaenda kwa chaguo la pili la waliompigia. Kwa hiyo unaweza kuanza na unayempenda bila kuogopa kumpa njia adui.

Maine walifika hapo kwa kuumia. Mwaka 2010 Paul LePage alikuwa gavana na kura chini ya asilimia 38, juu wapinzani wake waligawana zilizobaki. Mwaka 2016 wananchi wakapitisha kanuni mpya kwa kura ya maoni. Hata hivyo, uchaguzi mkuu wa gavana haukuingia, juu katiba ya jimbo inasema mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Alaska wakafuata 2020. Jiji la New York nalo linatumia namna hiyo kwenye mchujo, na Mamdani alipita humo humo.

Lakini tusidanganyane, njia hii ina miiba. Mwaka 2024 wananchi wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon waliikataa. Alaska iliponea kwa kura chini ya 1,000. Na kugawa viti kwa uwiano bungeni kunahitaji kugusa sheria ya 1967 inayotaka kila eneo litoe depite mmoja. Watakaoigusa ni wale wale waliochaguliwa nayo.

Sisi huku tunaelewa jambo hili kuliko tunavyofikiri. Vyama vyetu ni vingi kwa sababu, mahali penye viti vingi, madepite wanagawanywa kwa orodha na uwiano. Lakini rais, tangu katiba ilipobadilishwa Januari 2011, anachaguliwa kwa duru moja, na 2018 mshindi alitangazwa na asilimia 38.57. Njo maana kila uchaguzi wapinzani wanabishana juu ya mgombea mmoja, na kila uchaguzi wanaitana wasaliti. Tabia za watu zina sehemu yake. Ila kanuni pia ina sehemu, na hiyo tunaisahau.

Kwa hiyo siku mwingine akikuambia kijana wa Chicago ni mwoga juu anachagua chama asichokipenda, mwulize kwanza kura zinahesabiwaje kule. Na sheria ya uchaguzi ikiletwa tena bungeni kwetu, tusiangalie tu majina ya wagombea. Tusome kifungu kinachosema mshindi anapatikana namna gani.